Mwenzi akikataa vazi la kale: Jinsi ya kumshawishi bila kumwaibisha

KILA wikendi, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, eneo moja la miti mirefu huko Crownsville, jimbo la Maryland nchini Marekani, hugeuka kuwa kijiji cha Uingereza ya Mfalme Henry VIII. Wapanda farasi waliovalia deraya hukabiliana kwa mikuki, mafundi huonyesha kazi za mikono, na wageni humiminika langoni wakiwa na majoho, vizibao na magauni yanayoburura vumbi, utadhani karne tano hazikupita.

Katika umati huo hakukosi jozi ya namna hii: mke kajipamba kwa gauni la mahameli alilolishona kwa miezi kadhaa, naye mume yu kando yake katika fulana, suruali ya jinzi na raba, mikono mfukoni, uso kama wa shahidi aliyeletwa mahakamani kwa samansi. Pengine huwa kinyume. Mume ndiye aliyevaa kofia yenye unyoya na mke ndiye aliyenuna. Safari ya kurejea nyumbani kwa watu hao wawili aghalabu huwa ndefu na ya kimya.

Suala la mwenzi asiyetaka kuvaa mavazi ya kale laweza kuonekana dogo. Lakini Maryland, Texas na Minnesota, majimbo ambayo kila moja lina tamasha kubwa la aina hii, ndiyo pia majimbo wanamoishi Wakenya wengi. Mwaliko haukosi kubisha hodi: leo umeletwa na mke aliyezaliwa huko, kesho na wafanyakazi wenza, keshokutwa na mtoto aliyesoma historia ya Ulaya darasani na sasa anataka baba na mama wavae kama watu wa kitabuni.

Matamasha haya yalianza mwaka wa 1963 jijini Los Angeles. Mwalimu Phyllis Patterson na mumewe Ron ndio waliotayarisha soko la kuigiza enzi ya Renesansi, yaani kipindi cha mwamko wa elimu na sanaa barani Ulaya, kwa nia ya kuichangia fedha redio ya KPFK. Yafaa ikumbukwe, basi, kuwa jambo lenyewe lilizaliwa na mume na mke waliokubaliana. Lile la Minnesota lilifuata mwaka wa 1971, la Texas mwaka wa 1974 na la Maryland mwaka wa 1977.

Jambo la kwanza ambalo mwenzi anayesitasita anapaswa kuelezwa, tena bila kuzungushwa, ni kwamba vazi si sharti. Anayelipa kiingilio huingia hata akiwa na kaptura na kofia ya besiboli. Hali ni tofauti katika Society for Creative Anachronism, chama kilichoanzia Berkeley, California, mwaka wa 1966. Huko, kila anayehudhuria shughuli hutakiwa angalau ajaribu kuvaa mavazi ya kabla ya karne ya 17, na wageni wasio nayo huazimwa na wenyeji. Kumpeleka mtu kwenye mkusanyiko wa chama hicho huku ukimwambia "twende tu, utavaa utakavyo" ni kumdanganya, na udanganyifu huo hugundulika mlangoni.

Wengi wanaoshindwa kuwashawishi wenzao hukosea tangu mwanzo kwa kudhani kuwa kinachokataliwa ni nguo. Huanza kusifu rangi, kitambaa na ushonaji, ilhali anayekataa wala hajafika huko. Anachowaza ni macho ya watu. Mwanamume aliyezoea suti siku ya Jumapili na ovaroli siku za kazi hujiona kichwani mwake akiwa amesimama katikati ya uwanja na soksi ndefu zilizobana mapaja, na picha hiyo humtosha kutoa jibu.

Picha yenyewe, kwa bahati nzuri, si ya kweli. Soksi ndefu za kubana zilikuwepo, lakini mkulima, mvuvi au seremala wa Uingereza katika karne ya 16 angeweza pia kuvaa suruali pana iliyofungwa chini ya goti, shati la kitani lililolegea, na juu yake kizibao kisicho na mikono. Kwa maneno mengine, alivaa nguo ambazo mtu angeweza kulimia. Anayetaka kumtoa mumewe hofu na amwonyeshe mchoro wa mkulima kabla ya ule wa mfalme. Henry VIII mwenyewe ni mfano mbaya wa kuanzia: deraya yake iliyohifadhiwa katika Mnara wa London ina kifuniko cha sehemu za siri kikubwa kupita kiasi, na bwana yeyote mwenye haya akikiona kwanza, mazungumzo yamekwisha.

Lakini kwa Mkenya, au Mwafrika yeyote, kuna kizuizi kingine ambacho hakisemwi kwa urahisi mezani. Hujiuliza: Katika mchezo huu wa Uingereza ya kale, mimi ni nani? Filamu nyingi alizoziona tangu utotoni zimemfundisha kuwa kabla ya karne za hivi karibuni mtu mweusi hakuonekana Ulaya, na kama alionekana, alikuwa na minyororo. Mke anayemwambia "vaa tu, ni mchezo" hajaelewa kuwa anamwomba mumewe aingie katika hadithi ambayo haina nafasi yake, kisha atabasamu apigwe picha. Kumcheka kwa sababu hiyo ni kosa. Swali lake ni la haki na lina majibu.

Jibu moja ni John Blanke. Mtu huyu mweusi alikuwa mpiga tarumbeta katika kasri la Henry VII na baadaye Henry VIII, na kumbukumbu za hazina zinaonyesha alikuwa akilipwa peni nane kwa siku mwaka wa 1507. Hakuwa mtu wa kunyamaza: mwenzake mmoja alipofariki, aliandika barua kwa mfalme mpya akiomba apewe nafasi na mshahara wa marehemu, ambao ulikuwa maradufu ya wake. Mwaka wa 1511, mfalme alipoandaa mashindano makubwa ya mikuki huko Westminster kusherehekea kuzaliwa kwa mwanawe, wachoraji waliyahifadhi katika hati ndefu ya kukunjwa, na Blanke anaonekana humo mara mbili, juu ya farasi, na kilemba kichwani. Mwaka uliofuata alioa. Mfalme akampa zawadi ya arusi: joho la kitambaa cha urujuani pamoja na kofia.

Kwa tamasha la Maryland, ambalo huigiza enzi hiyohiyo ya Henry VIII, hakuna haja ya kutafuta mbali. Mwanamume mweusi anayeingia lango la Crownsville akiwa na kilemba na joho hajabuni chochote. Ana mtu wake katika picha rasmi ya mfalme.

Jibu la pili liko London, mwishoni mwa karne hiyohiyo. Mwaka wa 1600, Abd el-Ouahed ben Messaoud alifika kwa Malkia Elizabeth I akiwa balozi wa mfalme wa Morocco. Alichorwa akiwa huko, na picha hiyo ingalipo: vazi refu jeupe, joho jeusi juu yake, kilemba cheupe, upanga kiunoni. Mzee wa Lamu akiangalia picha hiyo hatahitaji mkalimani. Ataona kanzu na joho, au ndugu zake wa karibu mno.

Jibu la tatu ndilo lililo karibu zaidi na nyumbani. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mmoja wa wasafiri wake aliandika katika shajara mambo waliyoyaona. Mtawala wa mji alikuja kuwalaki akiwa amevaa joho la hariri lenye mapambo ya atlasi ya kijani, na kilemba cha thamani kichwani. Alikaa chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Wapigaji walikuwepo na pembe mbili za ndovu zilizochongwa, ndefu kama mtu, ambazo hupulizwa kupitia tundu la ubavuni. Msomaji aliyewahi kuiona siwa ya Pate katika Jumba la Makumbusho la Lamu anajua ni kitu gani kinachoelezwa. Wareno hao, waliokuwa wametoka miezi mingi baharini, bila shaka ndio waliokuwa na mavazi duni siku hiyo.

Kwa hivyo, bwana kutoka Kilifi au Mombasa anayeambiwa avae "mavazi ya mwaka wa 1500" ana haki ya kujibu kuwa pwani yake ilikuwa na mavazi yake mwaka huo, tena ya fahari. Matamasha mengi hayadai kila mgeni awe Mwingereza. Wako wanaokuja kama wafanyabiashara wa Venice, wanamaji na mabalozi wa Uturuki, na hata maharamia wa karne ya 18 ambao hawakustahili kuwepo kabisa. Mfanyabiashara wa Malindi ana hoja nzito kuliko wengi wao.

Tahadhari moja tu yahitajika hapa, hasa kwa akina mama wanaotaka kulipa jambo hili sura ya Kiswahili. Leso, au kanga, haifai kwa enzi hiyo. Vazi hilo lilizuka katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mwanamke anayejitanda nalo kama mgeni wa Malkia Elizabeth amekosea kwa takriban miaka mia tatu. Shuka nzito ya pamba isiyo na maandishi, au hariri ya rangi moja iliyozungushwa na kutupwa begani, itamkaribia zaidi mama wa pwani wa wakati huo. Wapo watakaosema hakuna atakayejua. Atajua yule mwenzi aliyeambiwa kuwa historia ndiyo sababu ya kwenda.

Baada ya swali la "mimi ni nani" kupata jibu, mengine huwa ya kawaida na hutatulika kwa subira. Joto, kwa mfano. Mwezi wa Oktoba karibu na Houston, karibu na eneo la tamasha la Texas, jua bado lina makali, na mavazi mengi yanayouzwa kwa bei nafuu katika intaneti yameshonwa kwa nailoni na poliesta zilizotiwa mng'aro zifanane na mahameli. Aliyewahi kuvaa kitu hicho kutwa nzima ana kila sababu ya kutorudia. Kitani na pamba hupitisha hewa. Shati jeupe la kitani kutoka duka la mitumba, likitolewa kola na vifungo vya plastiki, ni mwanzo bora kuliko seti nzima ya kununuliwa.

Mwanzo wenyewe na uwe mdogo. Wazoefu wa matamasha haya hushauri mtu aanze na kitu kimoja au viwili juu ya nguo zake: mkanda mpana wa ngozi, kizibao, kofia ya sufu. "Baba watoto, jaribu hiki kizibao tu," ni ombi ambalo mtu anaweza kulikubali bila kujiona amesalimu amri. Akishafika, mazingira hufanya kazi yake. Mtu aliyevaa fulana hugundua baada ya nusu saa kuwa yeye ndiye anayeonekana tofauti, na aibu aliyoiogopa nyumbani sasa imehamia upande wa pili. Matamasha kadhaa huwa na duka la kukodisha mavazi karibu na lango, na si ajabu kumwona aliyekataa katakata tangu Jumatatu akiwa kwenye foleni ya duka hilo saa sita mchana wa Jumamosi. Busara ni kutomwambia neno.

Kumpa mtu kazi pia husaidia kuliko kumpa pambo. Wanaume wengi hawajui la kufanya na mikono yao wakiwa ndani ya vazi la kuigiza. Hali hubadilika akiwa mbeba panga wa msafara, mlinzi wa watoto, au mwenye mfuko wa fedha, kwa sababu nguo za wakati huo hazikuwa na mifuko kama ya suruali ya leo na sarafu zilitundikwa mkandani. Panga lina kanuni yake: lango huruhusu liingie likiwa limefungwa kwa kamba kwenye ala lisiweze kuchomolewa. Kumwachia mume kazi ya kulifunga na kulieleza kwa mlinzi kumefungua moyo wa zaidi ya mmoja. Chakula nacho kina nguvu zake. Paja la bata mzinga lililochomwa, ambalo karibu kila tamasha huliuza, huliwa kwa mkono bila sahani, na ndege huyo alifika Uingereza katika karne ya 16 akitokea Amerika, hivyo hata mpenda ukweli wa historia hana la kulalamikia.

Kuna mbinu ambazo hazifai kabisa. Kununua vazi kwa siri na kumtandikia mwenzi kitandani asubuhi ya safari humnyima muda wa kusema la. Kuwatuma watoto wakamlilie ni kumweka mahali ambapo akikataa huonekana mbaya kwa wanawe mwenyewe. Na kumlinganisha na mume wa fulani, "mbona yeye huvaa?", ni kuhakikisha kuwa hatavaa mwaka huu wala ujao.

Serikali zenyewe zimejaribu nguvu katika mambo ya mavazi na hazikufika mbali. Mwaka wa 1571 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watu wa kawaida, wenye umri wa zaidi ya miaka sita, kuvaa kofia za sufu za nchini siku za Jumapili na sikukuu, ili kuwalinda mafundi wa kofia. Watu waliipuuza na ikafutwa mwaka wa 1597. Nchini Kenya, mashindano ya mwaka wa 2004 ya kubuni vazi la taifa yalizaa mitindo iliyozinduliwa kwa shangwe na picha magazetini, lakini Wakenya hawakuivaa. Kama amri ya Bunge na shangwe ya taifa hazikutosha, mke au mume mmoja na atafakari kabla ya kupandisha sauti.

Lililo nyeti zaidi siku hizi ni picha. Mtu anaweza kustahimili macho ya wageni elfu kumi asiowajua, lakini asistahimili ya shemeji mmoja. Picha ya baba mwenye kofia ya unyoya ikitumwa katika kundi la WhatsApp la ukoo saa nane mchana huko Marekani, kabla ya kwenda kulala huku Kenya mama mkwe wa Kitale ameiona, mjomba wa Machakos ameiona, na ami wa Malindi amekwisha kuuliza kama kijana bado yuko timamu. Mzaha huo humfuata mtu hadi kwenye mazishi na ruracio. Ndiyo maana inafaa wawili wapatane kabla ya kutoka nyumbani: nani atapiga picha, zitakaa katika simu ya nani, na ni ipi itakayotumwa, kama ipo. Anayetoa ahadi hiyo na kuitimiza hatakuwa na kazi kubwa ya kushawishi mwaka unaofuata.

Iwapo jibu litabaki kuwa la, basi libaki hivyo. Mwenzi aliyevaa nguo zake za kila siku bado anaweza kushangilia mikuki, kubeba maji na kuketi kivulini na watoto, na siku ikawa njema kwa wote mradi asikumbushwe kila hatua kuwa ameharibu picha. Kwa waliovaa na wasiovaa, viatu viwe vya kutembea: njia nyingi za viwanja hivyo ni za udongo, mvua ya vuli hunyesha bila kutoa taarifa, na gauni refu huhitaji kupandishwa kwa mkanda hadi juu ya kifundo cha mguu kabla ya kushuka garini.